Uyoga unaweza kula rangi ya fulana, ila chumvi hauigusi

Kila nikipita mtandaoni siku hizi nakutana na vile viklipu vya chupa mbili, moja ina maji ya buluu kali kama yametoka kwenye ndoo ya batiki, nyingine maji meupe kabisa, katikati wameweka kipande cha uyoga na muziki wa kusisimua, alafu komenti zote ni "Mungu fundi" na "kwanini serikali haifanyi hivi". Na mimi sikatai, hiyo kitu ya uyoga kusafisha maji ya rangi ipo, ni kweli, sayansi yake ina zaidi ya miaka 40 sasa. Ila kila nikiziona zile chupa swali langu ni moja tu, hiyo rangi imeenda wapi? Maana rangi kuacha kuonekana ni habari moja na rangi kuisha ni habari nyingine, na mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na watu wa batiki hilo analijua hata kama kemia aliiacha kidato cha pili.

Ngoja nieleze. Mama yangu mdogo anatengeneza batiki, na kuna zile rangi za kuchanganya na kostiki soda na haidrosulfaiti, maji ya moto, glavzi mkononi, harufu yake ukiizoea basi. Ukiweka ile haidrosulfaiti rangi inageuka kwenye ndoo, unataka buluu lakini unachokiona ni maji ya njano njano au kijani hivi ambayo hayana sura ya kitu chochote, mgeni anadhani kazi imeharibika. Kitambaa kikitolewa kikapigwa na hewa, oksijeni inairudisha, buluu inatokea polepole mbele ya macho yako. Mama mdogo huwa anawaambia wanaokuja kujifunza kwake, "Msiamini ndoo, subirini hewa". Rangi ilikuwepo muda wote, imebadilishwa umbo tu ikawa haionekani. Sasa mtu akishalelewa na hiyo kitu ukimuonyesha chupa ya maji meupe hashtuki kirahisi.

Haya tutoke kwenye ndoo twende kiwandani. Pamba nyingi duniani sasa hivi inatiwa rangi zinazoitwa riaktivu, yani zinafungana na uzi wenyewe kikemikali, ndo maana fulana nzuri unaifua mwaka mzima haichuji. Shida ni kwamba sio rangi yote inafungana. Kutegemea na aina ya rangi na ufundi wa kiwanda, asilimia kama 60 mpaka 90 ndo inakaa kwenye kitambaa, ile nyingine imeshagusana na maji ikaharibika nguvu yake, haishiki tena uzi wala huwezi kuitumia kesho, inasuuzwa inamwagwa. Na hapo kuna kitu watu wengi hawakijui, ili rangi ikubali kutoka kwenye maji kuhamia kwenye pamba unaweka chumvi, na nikisema chumvi sisemi ya mchuzi, inaweza ikawa gramu 50 hadi 80 kwa lita moja ya maji, wakati bahari yenyewe ina gramu 35 hivi. Alafu juu yake unaweka magadi ya kiwandani ili maji yawe makali, pH 10 au 11, wakati maji safi ni 7 hivi. Kwaiyo maji yanayotoka pale yana moto, yana chumvi, yana ukali, yana sabuni, yana rangi, na katika yote hayo macho yetu yanaiona rangi peke yake, tena baadhi ya rangi unaziona hata zikiwa chini ya miligramu moja kwenye lita.

Ndo maana ukitaka kuielewa hii mada vizuri uangalie Tiruppur, mji mmoja Tamil Nadu kusini mwa India, ambao kuna uwezekano mkubwa una nguo yake kabatini kwako sasa hivi, fulana za pamba za kufuma zinatoka sana pale zinaenda Ulaya na Marekani, na sisi tunakuja kuzipata mnadani zikishavaliwa. Katikati ya mji unapita mto Noyyal, unaenda kumwaga kwenye mto Kaveri. Chini ya mji wakajenga bwawa la Orathupalayam, likakamilika 1992, lengo lilikuwa umwagiliaji. Bwawa likaanza kujaa maji ya viwanda vya rangi. Wakulima waliosubiri maji ya kumwagilia wakapata maji yanayoua mazao na kuharibu visima, na walichokuwa wanakilalamikia sana haikuwa rangi, ilikuwa chumvi, udongo ulikuwa unakufa. Wakaenda mahakamani, kesi ikavutana miaka mingi, Mahakama Kuu ya Madras ikatoa amri, ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya India, mwisho Januari 2011 Mahakama Kuu ikaamuru viwanda vya kutia rangi vyote vifungwe mpaka viwe havimwagi hata tone, mamia ya viwanda vikafungwa kwa mkupuo, mji mzima ukayumba.

Vilivyofunguliwa baadae vilirudi na mitambo ya kuchuja maji kwa membreni, yani chujio za matundu madogo sana, na kuyachemsha yale yanayobaki mpaka chumvi igande, maji yanarudi kiwandani, chumvi nyingine nayo inarudi kazini. Inafanya kazi. Lakini inakula umeme na kuni vibaya mno, na kunabaki tope la kemikali na chumvi chafu ambazo hamna mtu anazitaka. Hayo yashikilie kichwani maana nitayarudia, wakati wa kuuliza uyoga unasaidia wapi hapo.

Sasa uyoga wenyewe. Sio kila fangasi anafanya hii kazi. Wanaotajwa sana ni wale wanaoozesha miti na kuiacha myeupe, ukipita msituni ukaona gogo limeoza limekuwa jeupe lenye nyuzinyuzi laini ndo kazi yao. Gogo la kawaida lina selulosi ambayo ni nyeupe, na lina lignini ambayo ndo inaipa mbao uimara na ile rangi ya kahawia. Viumbe vingi vinaishindwa lignini. Hawa wanaiweza, wanaivunja ili waifikie selulosi iliyofichwa ndani. Mkubwa wao maabara ni Phanerochaete chrysosporium, yupo Trametes versicolor ambaye anaota kwenye magogo kama vijisahani vyenye mistari ya rangi, na yupo Pleurotus ambaye sisi tunamjua vizuri tu, uyoga mamama, ule unaolimwa kwenye mifuko ya nailoni na watu wakauweka kwenye rosti.

Na ujanja wao uko hapa. Lignini haina mpangilio, ni fujo ya pete za benzini (viduara vya atomu sita za kaboni) zimeunganishwa hovyo hovyo, kila mti na yake, kwaiyo hauwezi kutengeneza enzaimu moja inayoingia sawasawa kwenye kila kiungo. Enzaimu nyingi mwilini zinachagua, hii inavunja wanga tu, ile protini tu. Za hawa fangasi ni ufunguo malaya, zinatoka nje ya mwili wa fangasi zinachomoa elektroni kwenye chochote kinachofanana fanana na lignini, kikishachomolewa elektroni kinayumba na kuanza kuvunjika chenyewe. Na rangi za viwandani nyingi ni nini? Pete za benzini zimeunganishwa. Wakemia walizitengeneza zidumu, zisishindwe na jua, sabuni wala jasho, hawakuwa wanamfikiria fangasi wa gogo.

Enzaimu zenyewe ziko za aina kama tatu za kutaja. Kuna lakesi, hii ni ya zamani kabisa, mjapani Hikorokuro Yoshida aliiona 1883 kwenye utomvu wa ule mti ambao Wajapani wanapakia vyombo vyao ving'ae. Ina atomu nne za shaba ndani yake na inachotaka ni oksijeni ya hewa tu, inachukua elektroni kutoka kwenye rangi inaipa oksijeni, mabaki ni maji. Kwa mtu wa kiwandani hiyo ni raha maana hewa ni bure. Alafu kuna lignini peroksidezi, iligunduliwa 1983 na makundi mawili ya Marekani karibu wakati mmoja, hii ina nguvu kuliko lakesi lakini inataka haidrojeni peroksaidi, na ukizidisha peroksaidi inajiua yenyewe. Ya tatu ni manganizi peroksidezi ambayo inatumia manganizi kama mjumbe. Kitu kilichonichekesha nilipokuwa nasoma, huyo Phanerochaete ambaye jenomu yake, yani vinasaba vyake vyote, ilisomwa yote na kutoka 2004, wa kwanza katika ukoo mzima wa uyoga, alikutwa hana lakesi ya kawaida hata moja, anategemea peroksidezi tu. Kwaiyo ukisikia mtu anasema "uyoga unasafisha kwa lakesi" muulize uyoga gani.

Na kingine, rangi ziliingia kwenye hii hadithi kwa mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 80 watafiti walikuwa wanataka njia rahisi ya kujua kama fangasi fulani ana uwezo wa kuvunja lignini, maana kupima lignini yenyewe ni kazi ya kuchosha. Wakaona, tumpe rangi. Wanaweka rangi ya buluu kwenye sahani ya agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, wanampanda fangasi katikati, akiwa na huo uwezo mduara mweupe unafunguka kumzunguka na kupanuka. Mpaka leo hicho kipimo kinatumika. Yani rangi ilikuwa kipimo tu, baadae ndo watu wakashtuka kwamba hebu subiri, kama anaifuta kwenye sahani si anaweza kuifuta kwenye maji taka. Mwaka 1990 ikatoka kazi inayoonyesha Phanerochaete anavunja rangi za azo, na tangu hapo makala zimekuwa nyingi mpaka mtu unachoka.

Azo ndo ukoo mkubwa kuliko wote wa rangi za kiwandani, zaidi ya nusu ya rangi zote ziko humo, alama yao ni naitrojeni mbili zimeshikana mikono katikati. Na hapa ndo narudi kwenye lile swali la rangi imeenda wapi. Ukiwapa bakteria wasio na hewa maji yenye rangi ya azo wanaikata ile naitrojeni-naitrojeni haraka sana, maji yanakuwa meupe, kila mtu anapiga makofi. Lakini kilichobaki ni vipande viwili vya amini za aromatiki, yani pete za benzini zenye naitrojeni pembeni, havina rangi, na baadhi yake, kama benzidini, vinasababisha kansa. Umoja wa Ulaya mwaka 2002 uliziwekea marufuku rangi za azo zinazoweza kuachia amini 22 zilizoorodheshwa, kwenye nguo na ngozi zinazogusa mwili. Kwaiyo unaweza ukawa na mto mwekundu ukaugeuza mweupe na ukawa umeuongezea sumu. Kwa mtazamaji wa klipu hiyo ni ushindi.

Mfano mwingine ninaoupenda (kama mtu anaweza kupenda kitu kama hiki) ni malakaiti ya kijani, rangi ambayo wafuga samaki wengi duniani walikuwa wanaitumia kuua fangasi na vimelea. Kuna fangasi anaitwa Cunninghamella elegans, huyu sio wa kuozesha miti, ukimpa hiyo rangi maji yanaacha kuwa ya kijani. Alichofanya ni kuiongezea elektroni ikawa ile wanayoita luko, haina rangi, na sumu yake iko pale pale, na ndo hiyo hiyo luko inayokaa kwenye minofu ya samaki muda mrefu. Ni habari ya ndoo ya mama mdogo kabisa, tofauti yake hii huitoi nje ukaisubiri hewa.

Ndo maana njia ya hawa fangasi wa miti inanivutia mimi kuliko ya bakteria wasio na hewa, na sio kwa sababu ya uyoga kupendeza kwenye kamera. Lakesi na peroksidezi zinaoksidisha, yani zinachomoa elektroni, haziongezi, kwaiyo rangi ya azo inapovunjwa naitrojeni mara nyingi inatoka ikiwa gesi ya kawaida ya naitrojeni, ile iliyojaa hewani, badala ya kubaki kwenye amini. Sio kila mara, na vipande vingine vinaweza kuungana tena vikatengeneza polima ya kahawia, lakini njia inaelekea pazuri. Ukishasema hivyo lazima upime sumu kabla na baada, watu wanatumia vijidudu vya maji vinavyoitwa Daphnia, bakteria wanaotoa mwanga, au mbegu za saladi, unaangalia zinaota au hazioti. Klipu isiyo na kipimo cha namna hiyo mi naiita tangazo.

Sasa kama ni nzuri hivyo kwanini Tiruppur hawakujaza matangi ya uyoga?

Kwanza fangasi huyu haili rangi kama chakula. Hili watu wanalikosea sana. Haipati nguvu yoyote kwenye rangi, inabidi umpe sukari au mabua au chochote cha kula pembeni, rangi anaivunja njiani kama ajali. Tena Phanerochaete anatoa zile peroksidezi hasa akiwa na njaa ya naitrojeni, kwa sababu kwenye gogo naitrojeni ni haba. Maji ya viwanda vya kuchapa vitambaa yana yurea kibao, yurea ni naitrojeni, kwaiyo unamshibisha na yeye anafunga duka. Pili anapenda asidi kidogo, pH 4 na nusu, 5, na wewe unamletea maji ya pH 10. Itabidi umwage asidi, na asidi ikikutana na magadi unapata chumvi nyingine juu ya ile ya mwanzo. Tatu, kloridi inazibana lakesi nyingi, na chumvi ya rangi ni kloridi tupu au salfeti. Nne, na hii ndo wanaoijua kazi wanailalamikia kuliko zote, bakteria. Maabara unachemsha kila kitu, unaua vijidudu, unampanda fangasi peke yake. Kiwandani maji yanaingia tani kwa tani na bakteria wake, bakteria wanazaliana kwa dakika, fangasi anakua kwa siku, ile sukari uliyomwekea inaliwa na wengine. Barcelona pale kwenye chuo kikuu cha Autònoma kuna watu wamehangaika na Trametes versicolor miaka na miaka, wanamkuza awe vijidonge vidogo vya duara, wanamweka kwenye riakta, yani tangi, inayopigwa hewa kwa vipindi, wanatoa fangasi wazee na kuingiza wapya kila mara ili asizidiwe. Hiyo ni kazi ya kufuga, sio ya kumwaga na kuondoka.

Wengine wakasema basi tuache fangasi, tuchukue enzaimu peke yake. Unaikamua, unaigandisha kwenye vijishanga vya aljineti (jeli ya mwani) au kitu kingine isiondoke na maji, unapitisha maji taka juu yake. Hapo bakteria hawakusumbui sana na hulishi mtu sukari. Lakini enzaimu inachoka, inachakaa, na lakesi peke yake haifiki kwenye rangi zote, kuna rangi inazishindwa nguvu inabidi umuongezee mpatanishi, kemikali ndogo inayobeba elektroni kati yao, na wapatanishi wa maabara ni ghali na wenyewe sio wasafi. Wapo wa asili wanaotoka kwenye lignini yenyewe, hao ndo wanaonipa matumaini kidogo.

Alafu kuna wanaotumia fangasi aliyekufa, Aspergillus au Rhizopus aliyekaushwa, rangi inamnata mwilini maji yanatoka safi. Sawa, ila hujavunja kitu, umehamisha. Sasa una gunia la fangasi wa buluu, unalipeleka wapi?

Kitu ambacho watu hawakisemi kwenye zile komenti ni kwamba enzaimu zimeshaingia viwanda vya nguo zamani sana, ila kwa mlango wa mbele, kabla maji hayajachafuka. Wanga unaopakwa kwenye nyuzi zisikatike wakati wa kufuma unatolewa kwa amilesi. Pamba ikishang'arishwa kwa haidrojeni peroksaidi inabaki peroksaidi ambayo ingeharibu rangi, zamani unasuuza unasuuza, siku hizi unaweka katalesi kidogo inaimaliza na maji mengi yanaokolewa. Jinzi zilikuwa zinasagwa na mawe ili zionekane zimevaliwa, ikaja selulesi ikapunguza mawe. Na 1996 Novo Nordisk wa Denmark wakatoa DeniLite, lakesi ya kupausha jinzi, inaivunja indigo peke yake bila kugusa pamba, mahali ambapo wengine walikuwa wanamwaga klorini. Angalia hapo, lakesi ile ile inayosifiwa kwenye klipu za mito imekuwa ikifanya kazi ya kulipwa kwenye jinzi kwa miaka karibu 30, kwa sababu pale mtambo una pH inayotakiwa, joto linalotakiwa, rangi ni ya aina moja na mteja analipa. Kwenye mtaro hamna hata kimoja kati ya hivyo. Maoni yangu mimi, hela ya utafiti ingeenda zaidi huko mbele, na kwenye rangi zinazoshika kwa chumvi kidogo, kuliko kumsubiri uyoga mwisho wa bomba.

Maana hata ukimpata fangasi mgumu, asiyeogopa bakteria, anayekula rangi zote 10 za kiwanda, chumvi haigusi. Hamna enzaimu ya kuvunja chumvi, sodiamu ni sodiamu. Shaba na kromu zilizomo kwenye baadhi ya rangi nazo hazivunjiki, labda zinate mwilini mwake. Wakulima wa Noyyal ungewapa maji meupe kama ya mvua yenye chumvi ile ile wasingekuwa wamepona. Kwaiyo nikiulizwa uyoga unasaidia wapi, mi naona ni kabla ya membreni, kupunguza rangi na uchafu ule wa kikemikali ili membreni zisizibe haraka, na kwa watu wadogo ambao hawatakuja kumiliki membreni maisha yao yote.

Watu wadogo ni kama mama mdogo. Yupo mlima uyoga mtaa wa pili, mifuko yake ikishachumwa mpaka ikachoka anaitupa, na ile mifuko bado imejaa nyuzi za fangasi na enzaimu zake, lakesi na manganizi peroksidezi, watafiti wamejaribu sana mabaki hayo ya Pleurotus kwenye rangi. Nikachukua mifuko kadhaa. Nusu nikaichemsha vizuri mpaka kife kila kitu, nusu nikaiacha hai, nikaweka kwenye madumu yaliyokatwa na maji ya rangi ya batiki za baridi, zile za chumvi na magadi, nimeyapunguza kwa maji safi nusu kwa nusu na kuyakata makali kwa siki. La tatu nikaweka maji ya rangi tu bila kitu. Kuchemsha kule kuna maana, bila hivyo hujui kama rangi imevunjwa au imenata kwenye mabua.

Dumu la mabua yaliyochemshwa maji yalipauka kidogo na mabua yakawa ya buluu, yani rangi imehama tu. La hai maji yalipauka zaidi, na mabua yalianza buluu alafu siku zinavyoenda yakawa yanarudi kwenye rangi ya majani makavu, kuanzia zile sehemu zenye utando mweupe. Hilo lilinifurahisha kweli. Mama mdogo alikuja akachungulia, akachota kidogo kwenye kikombe cheupe akakiacha juani, akasema, "Haya, tusubiri hewa." Haikurudi.

Kisha nikachukua mbegu za mchicha, nikazilaza kwenye tishu tatu, moja maji ya bomba, nyingine maji ya rangi yasiyoguswa, ya tatu maji ya uyoga. Za bomba ziliota zote karibu. Za rangi hakuna. Za maji ya uyoga, yasiyo na buluu tena, yanafanana na chai ya tangawizi iliyopoa, zilitoka moja moja zikasinyaa. Nikayaonja kwa ncha ya kidole (usifanye hivi nyumbani), chumvi tupu.

Mabua yale sijayaweka kwenye bustani na uyoga wowote uliochomoza humo niliutupa, usije ukasema nilikwambia ni chakula. Sasa hivi namsubiri mama mdogo apate oda nyingine niweke pembeni maji ya suuza ya tatu na ya nne, ambayo bado yana rangi lakini chumvi imeshapungua sana, na yale ya kwanza yenye chumvi nimemshawishi ayakusanye kwenye pipa ayatumie tena kutilia rangi za giza, nyeusi na kahawia, ambazo haziumbuki. Amekubali kwa masharti, pipa ninunue mimi.